Giaboksi Iliyogoma Kwenye Kona za Dareda

Juzi nimerudisha funguo za kaunta na sweta la kampuni, na tangu siku hiyo majirani zangu wa Bagara wananiita mstaafu. Watu walionizidi umri wananiamkia shikamoo huku wanacheka. Nami naitikia marahaba, tena kwa sauti ya juu. Sina mvi hata moja. Mwanangu Faraja yuko chekechea, wa pili yuko tumboni anapiga mateke, na nimeacha kazi kwa sababu nafungua duka langu la oili na filta, si kwa sababu nimechoka. Nikichoka mtajua, maana nitanyamaza.

Meneja alitaka niwaachie maelezo ya kazi kwenye karatasi moja. Niliyaandika, yako kwenye droo ya juu, na hayatawasaidia kitu. Maelezo yenyewe ni haya. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaokaa sasa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, mnaopokea magari mapya yenye waranti na wenye magari waliokwisha kukasirika tangu nyumbani kwao. Mshahara na vyeo siviandiki. Mnavijua, na havina hadithi ndani yake.

Nilianza nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima kwa dada yangu, vilivyokuwa vinanibana kiasi kwamba siku ile nzima nilitabasamu kwa maumivu na wateja wakadhani nina ukarimu. Kuhusu magari nilijua mawili: kupanda na kushuka. Mteja wa kwanza alikuwa mfugaji wa Mutuka, baba mmoja mpole, akaniambia gari lake jipya la otomatiki linasita likitaka kuondoka, kama ng'ombe aliyefikishwa kwenye daraja la mbao. Nikamwitikia vizuri, nikachukua kadi ya gereji, nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: tatizo la injini.

Baada ya muda mfupi kadi ilirudi ikiwa imeshikwa na vidole vyeusi. Mwenye vidole alikuwa Fundi Amsi, mkuu wa gereji, Mgorowa wa Bonga, mfupi, mnene wa mabega, mwenye sauti ya mtu anayeongea akiwa chini ya gari hata anaposimama.

"Nani amekuambia injini?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona inaelekea kuwa injini.

"Wewe umeona. Mwenye gari amesema nini?"

"Amesema linasita kama ng'ombe aliyefika darajani."

"Basi andika ng'ombe."

Nilidhani ananidhihaki. Nikaandika ng'ombe, nikijiambia kwamba kesho nitafukuzwa. Kumbe ilikuwa giaboksi. Ng'ombe wa darajani hakosi nguvu, anakosa uamuzi, na ndivyo giaboksi ya otomatiki inavyofanya oili yake inapokosa msukumo: injini inataka kwenda, magurudumu yanangoja kuambiwa. Fundi alilijua lile kwa neno moja la mfugaji, neno ambalo mimi nilikuwa nimelifuta. Kwa hiyo la kwanza, wadogo zangu: mteja akisema gari linakohoa, andikeni linakohoa. Akisema linanuna, andikeni linanuna. Mkianza kutafsiri mnaharibu.

Fundi Amsi alinifundisha bila kukusudia kunifundisha. Alikuwa ananituma. Niletee kitambaa cheupe, anasema, na mimi nikibaki pale natazama. Anachovya kijiti cha kupimia oili, anafuta kwenye kitambaa, ananisogezea puani. Oili nzuri ya giaboksi ni nyekundu kama juisi ya rozela, tena haina harufu ya kukumbuka. Iliyoungua ni kahawia, na inanuka kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni. Mashine ya kupima tulikuwa nayo, ile ya kuchomeka chini ya usukani, nayo ni nzuri, siisemi vibaya. Ila mashine inasoma kile ambacho gari limekubali kukiri. Pua haingoji kukubaliwa.

Wateja wetu wengi walikuwa wamejifunzia kwenye magari ya klachi, na mwili haukubali kusahau. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa bado unatafuta klachi. Kila akitaka kubadili gia isiyokuwepo, anakanyaga breki kwa nguvu zote, na mke wake alikuwa na nundu mbili kwenye paji la uso. Kulikuwa na mchungaji aliyelalamika kwamba gari linakunywa mafuta na linapiga kelele. Nikapanda naye. Akaweka kwenye L, tukatoka. Barabara ikanyooka, akasogeza kwenye 2. Tulipofika karibu na Singe ndipo akaweka D, kwa heshima kubwa, kama mtu anayefungua mlango wa ofisi ya askofu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, mama, hakuna gari duniani linaloanza na gia ya mwisho. Nikamweleza kwamba D si gia ya mwisho, ni kuliambia gari lichague lenyewe. Jumapili alilitolea mahubiri, nilisikia kwa watu.

Hawa nilikuwa nawapenda. Nilikuwa narudi nyumbani nacheka peke yangu barabarani. Kazi ya mapokezi ina raha zake ukiacha kuwaogopa watu.

Kilichonitia hasira ni maneno mawili. La kwanza ni "hali ya kawaida". Tulifundishwa kwamba mteja akileta gari lenye waranti na ubovu usionekane palepale, tumwambie ni hali ya kawaida ya gari. Linashtuka likipanda? Hali ya kawaida. Linatoa harufu? Kawaida. Nilimuuliza meneja kama siku moja gari likipanda ukutani nalo tutasema hivyohivyo. Akaniambia nina mdomo. Ninao, na hauna waranti.

Neno la pili ni fri. Hili mnalijua. Dereva wa huku akifika juu ya mlima anatoa gari kwenye gia, analiacha literemke lenyewe, anasema anaokoa mafuta. Wamefanya hivyo baba zetu na malori yao, wamefanya waliowafundisha. Kwenye gari la klachi unacheza na breki tu. Kwenye otomatiki ni kuua: injini inazunguka polepole, pampu inasukuma oili kidogo, magurudumu yanazunguka kwa kasi, na giaboksi inakaukiwa ndani huku dereva anapiga mluzi. Kwa hiyo ni kweli, fri inaunguza giaboksi, na waranti haiilipi. Tatizo ni kwamba kampuni ilipolijua hilo ililigeuza ufagio. Kila giaboksi iliyoungua ikawa ni fri. Hakuna aliyeulizwa. Oili ikiwa kahawia, mteja ni mkosaji, fungeni kadi.

Sasa niwape habari ya Mama Elibariki.

Alikuwa mwanamke wa Bashanet, kule juu ya mlima, mrefu, mwenye kutembea kwa kuvuta mguu wa kushoto kwa sababu gogo lilimwangukia akiwa msichana na goti likakataa kukunjika. Yeye na wenzake watatu wa kikundi walilima vitunguu saumu, na kwa pamoja walinunua gari jipya la safu tatu za viti, la otomatiki, kwa sababu ya mguu ule. Hakuwahi kuendesha kitu kingine chochote, hata baiskeli. Alijifunzia ndani ya gari lilelile, kwenye uwanja wa mpira wa Bashanet, watoto wakikimbia nyuma yake.

Mnapaswa kuelewa gari lile lilikuwa nini kwao. Kabla yake, msimu wa saumu ukifika, lori la madalali lilikuwa linapanda mpaka Bashanet na kuegesha sokoni, na bei ni ya lori. Gunia linajazwa lumbesa mpaka linaota kichwa, na bado linahesabiwa moja. Ukikataa, lori linaondoka na saumu zako zinabaki zikikutazama. Walipopata gari lao wakaanza kuteremsha wenyewe mpaka Babati, na kurudi juu na sukari, unga na mbolea za maduka ya kule. Majirani nao wakaanza kuwapa mizigo yao. Dalali akaanza kuwaamkia.

Ndipo gari likaanza kugoma. Alikuja kaunta, akaniambia, na nikaandika kama alivyosema: likibeba mzigo likafika kwenye kona za Dareda jua likiwa kali, linalia sana halafu haliendi, kama mtu anayekuahidi.

Fundi Amsi alilijaribu. Asubuhi, peke yake, mpaka Singe na kurudi. Likaenda kama maji. Mashine haikuona kitu. Oili ilikuwa imeanza kuwa kahawia, ikanuka maharage. Meneja akapiga picha za kitambaa, akatuma makao makuu Arusha, na jibu likarudi kwa Kiingereza. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha: dereva anateremka kwa fri, ni matumizi mabaya, waranti haihusiki. Meneja akaniambia nimpigie simu mteja.

"Wamejuaje kama ni fri?" nikamuuliza.

"Oili imeungua."

"Na mimi nikiunguza maharage, nimeyateremsha kwa fri?"

Akaniambia nifanye kazi yangu. Faraja alikuwa na miezi michache tu wakati huo, namnyonyesha nyuma ya kaunta na kumlaza kwenye boksi la radieta nililolitandika khanga, jambo ambalo nalo meneja alikuwa na maoni nalo. Nikampakata mtoto, nikapiga simu. Mama Elibariki alipokea akiwa shambani, nasikia majembe. Nilikuwa nimeambiwa nimsomee jibu. Sikumsomea.

"Mama Elibariki, wamekataa. Wanasema umelitumia vibaya. Mimi sijaamini."

Akaniuliza kama ni kweli waranti inakaribia kwisha. Nikamwambia ndiyo. Akasema saumu zinang'olewa wiki ijayo, na lori limeshaonekana Dareda. Hakulia wala hakunitukana. Angenitukana ningelala.

Kwenye simu ileile nikamuuliza jambo ambalo ilinipasa kumuuliza mwanzo: ni mzigo gani, unakaa wapi, nani anapanda, saa ngapi. Akaniambia vyote. Nikaenda kwa Fundi Amsi, nikamwambia sisi tumelipima gari letu, si gari lake. Lake ni lenye sukari, mbolea na akina mama, saa ya jua. Fundi alikwenda kutazama kile kibandiko cha mlangoni kinachoonyesha uzito unaoruhusiwa, akapiga hesabu kwa vidole, akasema mzigo wa yule mama uko chini ya pale. Basi akaendelea na kazi, lakini nilimwona anakasirika mgongoni.

Wiki ileile akaja Injinia kutoka makao makuu. Hakuja kwa ajili yetu, alikuja kukagua vifaa vya gereji. Ndiye aliyesaini lile jibu. Nilitegemea kuona mtu mwenye tai. Akashuka baba mwenye kofia ya jua, mpole, mtani, anasalimia mpaka mlinzi. Hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Baadaye nikasikia anamwambia Fundi kwamba kabla ya kusoma uinjinia aliendesha malori ya nafaka barabara ya Singida.

Nilimvizia kwenye chai, Faraja mgongoni.

"Shikamoo Injinia. Lile gari la Bashanet ulilolikataa, uliliona?"

Meneja akakohoa. Injinia akasema aliona ripoti na picha, na kwamba gari lilijaribiwa.

"Lilijaribiwa asubuhi, tupu, kwenye tambarare."

"Na halikuonyesha kitu."

"Hata mimi nikifika hospitali homa inashuka."

Akacheka. Meneja akaingilia, akasema ratiba ya mkaguzi imejaa, Dareda ni mbali, na mteja mwenyewe hayupo. Hapo Fundi Amsi, ambaye mbele ya wakubwa huwa ananyamaza kama spea ya rafuni, akaweka kikombe chini.

"Yupo getini," akasema. "Na mzigo wake."

Alikuwepo. Mimi ndiye niliyemwita. Alikuwa amekaa juu ya gunia la sukari pamoja na wenzake wawili, Mama Witness na Mama Paulo, wamejifunga vitenge vya sare, wanatazama geti letu kama watu waliokuja kuposa na hawana haraka.

Tukapakia. Viti vya nyuma vilikunjwa, yakaingia magunia ya sukari na mbolea. Injinia akashika usukani, Fundi Amsi pembeni yake, sisi wanawake wanne katikati tukibanana, Faraja kwenye mapaja yangu. Harufu ya saumu ilikuwa imeingia kwenye viti, kwenye mikanda, mpaka kwenye redio. Injinia akafungua kioo. Mama Witness akamwambia afunge, hiyo ni dawa ya presha, na kampuni haijamtoza.

Mpaka Dareda gari lilikwenda vizuri kabisa. Injinia anaeleza mambo, anauliza majina ya vilima, na mimi moyoni nalisihi gari liharibike. Niwaambie ukweli, sijawahi kumwombea mtu mabaya kwa bidii kama nilivyoliombea gari lile. Mama Elibariki alikuwa anatazama mbele, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anaomba kama mimi.

Mlima ulipoanza tukajikuta nyuma ya lori la mbao. Jua limesimama. Kona ya kwanza tukapanda, ya pili tukapanda. Kwenye ya tatu Injinia akakanyaga mafuta, injini ikalia, ikalia zaidi, na gari likabaki linanyata. Kisha likapiga kichwa mbele, wote tukainama kama tuko kanisani, taa ya njano ikawaka, na giaboksi ikang'ang'ania gia moja, haipandi wala haishuki. Tukasogea mpaka ukingoni kwa mwendo wa mtu mwenye kiatu kilichokatika.

"Ndivyo linavyofanya," akasema Mama Elibariki, taratibu sana, kama anamtambulisha mgeni.

Mama Paulo akapiga kigelegele. Sijui kama mmewahi kusikia gari likipigiwa kigelegele kwa kuharibika. Mama Witness naye akaitikia, Faraja akaamka akashangilia bila kujua sababu, na mimi nikajikuta nacheka mpaka machozi, niko kwenye mlima na gari bovu, mwanamke mwenye furaha kuliko wote mkoani Manyara.

Tukalipumzisha. Akina mama walikaa kwenye mawe kivulini, wakatoa mahindi ya kuchemsha, wakagawa. Fundi alichomeka mashine, na safari hii ikasoma: joto la oili limepanda kupita kiasi, gia zinateleza. Injinia akatuita mimi na Fundi kando, mbali na wenye gari.

"Ubovu nimeuona," akasema. "Sibishi. Lakini kilichouleta ni kitu kingine. Oili imeungua kwa sababu ya fri. Kila dereva wa mlima huu anateremka kwa fri, mimi nawajua. Siwezi kulipia tabia."

Nilitaka kusema mengi. Fundi Amsi alinikanyaga kidole cha mguu kwa makusudi, nikameza. Alimwambia Injinia kitu kimoja tu, kwamba huenda vali za oili ndani ya giaboksi zilitoka na kasoro kiwandani, na mahali pa kuzifungua ni gereji. Injinia akasema huenda. Huenda si ndiyo. Nilirudi kwenye gari nikiwa na hasira mpaka maziwa yakakauka.

Mzigo tulimwachia mwenye duka wa pale kwenye kona, tukageuza kurudi Babati. Injinia akaendesha polepole. Akina mama waliona nyuso zetu wakaelewa kwamba lile la kigelegele limekwisha. Nilikuwa natazama bonde chini, na mabati ya Dareda yanayong'aa, nikifikiria namna ya kumwambia Mama Elibariki kwa mara ya pili.

Ghafla injini ikanyamaza. Upepo tu madirishani, na matairi.

Mama Elibariki akaruka akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Baba, gari limezimika. Shika breki, Baba, limezimika."

"Halijazimika, Mama," akasema Injinia. "Nimeweka fri tu."

"Fri ndiyo nini?"

Fundi Amsi aligeuza uso akatazama dirishani, mabega yakaanza kumtikisika. Injinia alitazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado juu ya gia, umeisukuma kwenye N bila kumuuliza, kama ulivyokuwa unafanya miaka ile ya malori. Akairudisha kwenye D. Injini ikalia tena, na Mama Elibariki akashusha pumzi, akaegemea nyuma, akasema asante.

Injinia alisogea pembeni ya barabara akasimamisha gari. Akageuka.

"Mama, ukiteremka na mzigo wa saumu huwa unafanya nini na hii gia?"

"Siigusi."

"Hata kidogo?"

"Aliyenifundisha aliniambia D ni kwenda, R ni kurudi, P ni kulala. Hizo nyingine nisiziguse, si zangu. Mimi nashika breki, gari linalia kutoka juu mpaka chini. Nimeshalizoea. Leo liliponyamaza nimejua tumekufa."

Mama Witness, ambaye alikuwa amekwisha kuelewa kila kitu, akainama mbele mpaka sikioni mwa Injinia. "Kwa hiyo, mwanangu," akamwambia, "hiyo fri ndiyo kosa tulilokuwa tunalifanya sisi?"

Injinia alicheka. Lazima nimpe haki yake, wadogo zangu, kwa sababu wengine wangekasirika. Alivua kofia, akajifuta uso, akacheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia. Sisi tukafuata. Fundi Amsi alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja. Injinia akasema, "Nimekuja kukagua spana, nimekaguliwa mimi." Kutoka pale mpaka Babati kila tulipofika kwenye mteremko, hata wa tuta, Mama Paulo alikuwa anauliza kwa upole: mkono uko wapi, Baba? Naye anaunyanyua tuuone.

Tulipoingia getini Injinia alimwambia meneja mbele yangu kwamba giaboksi inabadilishwa kwa waranti, na iliyotoka irudishwe Arusha ikafunguliwe. Waliifungua. Fundi Amsi alikuwa amesema kweli kuhusu zile vali. Na jambo jingine lilibadilika, ambalo ninyi leo mnaliona la siku zote: gari likija na malalamiko ya mlima, tunapanda mlima, na mwenye gari anapanda nasi, na mzigo wake. Hilo halikuletwa na kitabu. Msikubali mtu alifute kwa kisingizio cha ratiba.

Giaboksi mpya ilifika ndani ya kreti la mbao. Akina mama walikuja wote wanne kuipokea, wameimba tangu barabarani, wakataka ifunuliwe waione uso. Fundi Amsi alijifanya kukasirika, akasema hii ni gereji si harusi, halafu akawafunulia. Alifanya kazi siku mbili bila kumwita mtu. Alipomaliza alinitumia kitambaa cheupe chenye doa jekundu, safi, lisilo na harufu.

Tukalijaribu. Mzigo uleule, uliokwisha kuteremshwa Babati kutoka lile duka la kwenye kona, tukaupakia tena, jua lilelile la mchana, safari hii Mama Elibariki kwenye usukani na Fundi Amsi pembeni yake. Kona ya tatu tulipita bila mtu kupumua. Likabadili gia taratibu, likapanda, likapanda, na tulipotokea juu kwenye ubaridi wa Bashanet, Mama Witness alikuwa amelala.

Sokoni lori la madalali lilikuwa limeegeshwa, foleni ya watu na magunia yao mbele yake. Vijana walikuwa juu wanapanga. Mama Elibariki hakupiga honi. Alisogea polepole, akaegesha upande wa pili wa barabara, akaweka P, akazima, akateremka na ule mguu wake, akafungua mlango wa nyuma ukabaki wazi.

Dalali akatazama. Watu wa kwenye foleni wakatazama. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kupandisha gunia lake akamwambia kijana wa juu ya lori alishushe. Kijana akamuuliza kama anatania. Mzee alikunja mikono akasubiri. Gunia likashushwa. Likafuata la jirani yake. Mpaka Fundi Amsi alipomaliza kuteremsha sukari yetu, foleni ilikuwa imevuka barabara.